Jibu lipo, ila hatulijui?

Rusha sarafu, kisha ifunike kwa kiganja kabla hujaitazama. Upande gani uko juu? Hujui, lakini jibu lipo tayari. Huo ndio ubainifu: jambo kuwa na hali moja mahususi, awepo wa kuijua asiwepo. Wengi huuchanganya na kutabirika, na hapo ndipo mabishano kuhusu kama kila jambo lina jibu hupotea njia.

Mwaka 1961 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa huko Marekani, alikuwa akirudia hesabu kwenye kompyuta yake. Namba iliyokuwa ndani ya mashine ni 0.506127, yeye akaingiza 0.506, kama ilivyochapwa kwenye karatasi. Mwanzoni matokeo yakafuatana na yale ya awali, halafu yakaachana kabisa. Bahati nasibu haikuwemo hata chembe, kwani kila hatua ilizaa hatua moja tu. Basi anayedai kuwa kisichotabirika hakina jibu anakimbilia mwisho bila kupita katikati.

Wanaosema kuwa mara nyingine jibu halipo kabisa wana hoja nzito zaidi. Kwa tafsiri iliyozoeleka ya fizikia ya kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo mno, elektroni haiwezi kuwa na mahali bainifu na mwendo bainifu kwa wakati mmoja. Usilaumu vipimo, jibu lenyewe halipo. Mwaka 1964 mwanafizikia John Bell alionyesha njia ya kuupeleka ubishi huu maabara, na majaribio yaliyofuata, yaliyoelekea kuupinga ubainifu, yakawapa Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger Tuzo ya Nobel mwaka 2022. Hata hivyo, ubainifu haukuzikwa. Tangu 1952 mwanafizikia David Bohm alikuwa ameonyesha kwamba unaweza kuipa kila chembe mahali pake na hesabu zikatoka vilevile, mradi ukubali kuwa chembe huathiriana papo hapo hata zikiwa mbalimbali. Gharama hiyo naiona kubwa, ila ughali peke yake haumfanyi Bohm kuwa amekosea.

Kwenye lugha mambo ni tofauti. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kina ukingo: kikijaa utaona. Lundo la mchanga halina. Ondoa punje mojamoja. Ni ipi itakayolifanya lisiwe lundo tena? Wapo wanaoshikilia kuwa punje hiyo ipo, imejificha tu kama sarafu chini ya kiganja. Hapa nawakatalia. Sarafu ilianguka yenyewe. Neno "lundo" tumelipa maana sisi, na hakuna kati yetu aliyewahi kulihesabia punje.