Lawalawa haiponi kwa wembe

Hapa Tanga ukitaja elimu ya afya dhidi ya ukeketaji, wapo watakaokucheka: semina, soda, posho, basi. Sheria ipo tangu 1998, wanasema, na anayemkeketa binti wa chini ya miaka 18 anastahili kifungo cha miaka 5 hadi 15. Akamatwe.

Siwabezi. Binti anayeandaliwa kukatwa wiki ijayo hawezi kungoja kijiji kizima kielimike.

Ila kuna takwimu hainitoki kichwani. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16, zaidi ya theluthi ya wanawake waliokeketwa walikatwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Mwaka mmoja! Hapo hakuna ngoma ya kusikika kwa jirani, wala mwalimu wa kuona kiti kitupu darasani. Aliyekatwa bado hajui kusema. Polisi atamhoji nani?

Mtoto huyo anakatwa kwa sababu gani? Kwa familia nyingi zenye asili ya Dodoma na Singida, jibu ni lawalawa: mtoto anawashwa sehemu za siri, anatoa uchafu, na inaaminika dawa yake ni kukatwa. Muuguzi mmoja wa Handeni alinisimulia jinsi alivyoletewa mjukuu wa namna hiyo. Hakufoka. Alimwamkia bibi, akamkagua mtoto, kisha akauliza taratibu, "Bibi, wewe si ulikatwa? Ukubwani hukuwahi kuwashwa tena?" Bibi akacheka, akajifunika mdomo kwa khanga. Ni maambukizi ya kawaida, akaelezwa, yana dawa. Mengine hupoa yenyewe, na sifa ikaenda kwa ngariba.

Hilo karipio haliwezi. Hata elimu yenyewe inaweza kupotoka: ukihubiri damu na wembe mchafu tu, mzazi atatafuta wembe safi. Misri ilipiga marufuku kabisa mwaka 2007, lakini wasichana wengi waliokatwa huko walikatwa na wahudumu wa afya. Kwa hiyo somo lianzie kwenye imani, si kwenye kidonda. (Na wanaodai bila kisu binti hakui waje Pwani, ambako mwali anafundwa unyagoni na kutoka mtu mzima.)

Yule bibi alirudi baada ya wiki. Mtoto hawashwi. Alichotaka kujua ni kama dawa ile inapatikana Kongwa, kwa wifi yake.