Fundi Asiyejua Aina ya Kufuli Asiiguse Simu Yako

Nenda Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, au Luthuli kule Nairobi, useme unataka kufunguliwa simu. Mafundi hutawakosa. Utakayemtafuta kwa tochi ni yule wa kukuuliza kwanza: imefungwa na nani? Nimeona simu nzuri zikifa mikononi mwa vijana wenye bidii, na mara nyingi chanzo hakikuwa ubovu wa simu wala uhaba wa vifaa. Fundi aliambiwa "imejifunga", akachomeka waya, akaanza kazi.

iPhone moja inaweza kuwa na makufuli matatu yasiyohusiana kabisa. Kuna la mtandao: kampuni ya simu ya Marekani, tuseme AT&T, imeiuza kwa mkataba na kuizuia isikubali laini ya kampuni nyingine. Kuna la mfumo: Apple wenyewe wamepanga programu ipi iingie na faili zipi usiguse, na kulivunja hilo ndiko kujelibreki. Halafu kuna la mwenye simu, lile la iCloud, linaloomba nywila ya akaunti yake hata ukiifuta simu yote. Leo ukijelibreki hufungui mtandao. Ukifungua mtandao hugusi iCloud. Lakini mtaani yote matatu yanaitwa "loki", na mteja anaondoka amelipia kuondolewa kufuli ambalo simu yake haikuwa nalo.

Mkanganyiko huu una historia. iPhone ya kwanza iliingia sokoni Marekani tarehe 29 Juni 2007, na ilikuwa haitumiki ila kwa AT&T. Agosti ya mwaka uleule kijana wa New Jersey, George Hotz, akiwa na miaka 17, aliifungua ya kwake kwa kuipasua na kuchomelea waya ndani, ikashika mtandao wa T-Mobile. Simu hiyo aliibadilisha na gari aina ya Nissan 350Z pamoja na iPhone nyingine tatu. Baadaye zikaja programu za kufanya kazi hiyo bila kuchomelea chochote. Iliyovuma kuliko zote ilikuwa ultrasn0w, na ilitaka simu ijelibrekiwe kwanza ndipo iingie kwenye besibendi, yaani ile sehemu ya simu inayozungumza na minara. Mafundi wa enzi zile wakazoea kufanya yote mawili kwa mkupuo. Njia ile ilishazibwa zamani, ila mazoea yamebaki, na bado wapo wanaoahidi kwamba jelibreki "itafungua laini".

Ya besibendi nataka niyaseme kwa kirefu kidogo. Kufikia mwishoni mwa 2010, wenye iPhone 3G na 3GS waliosasisha mfumo walikuwa wamejikuta wamefungiwa nje, kwani besibendi mpya haikuwa na upenyo. Kundi lililojiita iPhone Dev Team likagundua mlango wa pembeni: pakia kwenye simu besibendi ya iPad, toleo 06.15, kisha ifungue. Na kweli ilifunguka. Kundi lile liliandika bayana gharama yake: hakuna kurudi kwenye besibendi ya mwanzo, huwezi tena kuirejesha simu kwa njia ya kawaida ya Apple, na GPS inaharibika. Onyo lilikuwa pale pale kwenye skrini. Watu walibonyeza kukubali bila kusoma. Simu ya namna hiyo ikishapita mikono miwili mitatu, mwenye nayo wa mwisho anaona tu kwamba ramani haijui alipo. Anaipeleka kwa fundi, fundi anabadilisha antena, tatizo linabaki. Ilihitajika dakika moja ya kufungua ukurasa wa taarifa za simu na kusoma namba ya besibendi. Namba ya iPad ndani ya iPhone ingejieleza yenyewe.

Wapo wanaolizungumzia jambo hili kwa kunong'ona, wakidhani kufungua simu ni wizi. Simu uliyomaliza kuilipia ni mali yako, na kufungua mali yako ni haki yako. Nalisema bila kumung'unya maneno. Mwaka 2009 Apple waliiandikia Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani wakidai kwamba simu zilizojelibrekiwa zingeweza kutumiwa kuangusha minara ya mawasiliano. Shirika la EFF, linalotetea haki za watumiaji wa teknolojia, likawapinga, na Julai 2010 ofisi hiyo ikaruhusu kujelibreki. Kufungua mtandao kulipita njia ngumu zaidi. Ruhusa yake ilikatwa kwa simu zilizonunuliwa baada ya tarehe 26 Januari 2013, wananchi zaidi ya 114,000 wakatia saini ombi la kupinga, na tarehe 1 Agosti 2014 Rais Obama akasaini sheria ya kuirudisha. Kanada imekataza kuuza simu zilizofungwa tangu 1 Desemba 2017. Uingereza ikafuata Desemba 2021. Kwa hiyo anayekutisha kwamba unavunja sheria za dunia kwa kutaka laini yako ifanye kazi, hajafuatilia.

Na kwa sababu hiyo hiyo, kufuli la mtandao halihitaji ujanja. Linafunguliwa na aliyelifunga. AT&T wana fomu mtandaoni: unaweka IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu, na kama simu imeshalipwa yote, imetumika kwa muda waliouweka na haikuripotiwa kuibwa, wanaifungua bure. Aliyetumiwa simu na ndugu yake aliyeko Texas ampigie huyo ndugu kabla ya kwenda kwa fundi.

Tatizo ni simu ambayo deni lake bado linadaiwa kule. Hiyo ndiyo inayoletwa kwetu na kile kipande chembamba kiitwacho R-SIM. Kinawekwa chini ya laini na kinaidanganya simu wakati wa kuwashwa kwamba laini iliyomo ni ya kampuni yake. Kinategemea namba maalumu inayosambazwa mitandaoni, na Apple wakiizuia namba hiyo, kazi inaanza upya na namba nyingine. Mnunuzi anaonyeshwa simu ikiwa na mtandao vizuri kabisa, anafika nyumbani anatoa laini ya dukani pamoja na kile kipande bila kujua ni nini, anaweka laini yake, simu inamwambia laini haikubaliki. Kuuza simu ya R-SIM bila kumwambia mnunuzi ni udanganyifu, hata kama bei ilikuwa nzuri.

Sasa jelibreki. Zamani ilikuwa na sababu zilizo wazi kwa kila mtu. Mwaka 2007 iPhone haikuwa na duka la programu, na Cydia ya Jay Freeman, duka la programu za simu zilizojelibrekiwa, ilifika Februari 2008, miezi kadhaa kabla ya App Store kufunguliwa Julai. iPhone haikuweza hata kunakili na kubandika maandishi mpaka Juni 2009. Mengi ambayo leo watu wanayaona ya kawaida yalionekana kwanza kwenye simu zilizojelibrekiwa. Leo sababu zimepungua, ila nyingine bado ni nzito: kuendelea kutumia kifaa ambacho Apple wamekiacha nyuma, kujifunza mfumo unavyofanya kazi, kuchunguza kama kuna kitu kimepandikizwa ndani.

Njia ya kuaminika zaidi kwa simu za zamani inatokana na kasoro iitwayo checkm8, iliyotangazwa tarehe 27 Septemba 2019 na mtafiti anayejiita axi0mX. Kasoro hiyo iko kwenye msimbo uliochomwa ndani ya chipu kiwandani, hivyo hakuna sasisho la kuiziba. Inagusa chipu za A5 mpaka A11, yaani iPhone 4s hadi iPhone X. Juu yake zimejengwa programu za kujelibreki, checkra1n na palera1n. Kwa simu mpya zaidi zenye mfumo wa karibuni, tovuti inayokuahidi kujelibreki kwa kubonyeza kitufe kimoja kisha inakutaka upakue michezo miwili "kuthibitisha wewe ni binadamu" inakuibia muda, na pengine zaidi ya muda.

Kwenye kujelibreki na kurejesha mfumo ndiko kazi nyingi hukwama, na karibu zote hukwama sehemu zilezile.

Ya kwanza ni kuingia hali ya DFU, ile ambayo simu inaisikiliza kompyuta kabla mfumo wake haujawaka. Kwa iPhone 7 unashika kitufe cha kuwashia na cha kupunguza sauti kwa pamoja, sekunde 8 hadi 10, kisha unaachia cha kuwashia huku cha sauti ukiendelea kukishika sekunde tano hivi. Skrini lazima iwe nyeusi tii wakati kompyuta inasema imeona kifaa. Ukiona mchoro wa waya na kompyuta, hiyo si DFU, ni hali ya urejeshaji. Ukiona tufaha, umechelewa kuachia. Nimemwona fundi akibadilisha kompyuta nzima kwa sababu programu "imegoma", kumbe alikuwa anatazama mchoro wa waya tangu asubuhi.

Ya pili ni waya. checkra1n husumbua sana kwenye waya wa USB-C. Tafuta wa USB-A wa kawaida, usio wa kichina cha bei ya chini kabisa, uchomeke moja kwa moja kwenye kompyuta. Yapo makosa mengi ya katikati ya safari, hasa lile la 4013 wakati wa kurejesha mfumo, ambayo maana yake ni kwamba simu ilipotea ghafla kwenye kompyuta. Badilisha waya na tundu kabla ya kuishuku bodi.

Mwenye iPhone 8 au X azime nywila ya skrini kabla ya kutumia palera1n, na kwa mfumo wa iOS 16 asiwe ameiweka kabisa tangu simu ilipofutwa mara ya mwisho. Ndivyo ulinzi wa chipu ya A11 ulivyo. Na simu ikizima, jelibreki inalala mpaka uirudishe kwa kompyuta. Haijaharibika.

Kosa namba 3194 nalo limewapotezea watu pesa. Kila unaporejesha mfumo, Apple lazima watie saini toleo unaloweka, na toleo la zamani huwa hawalitii tena. Kosa hilo maana yake saini haijapatikana. Wakati mwingine ni kwa sababu unang'ang'ania toleo lililopitwa. Lakini kwenye kompyuta za mafundi wa siku nyingi sababu huwa nyingine: faili la hosts, linaloiambia kompyuta anwani za tovuti ziko wapi, lina mstari wenye jina gs.apple.com, uliowekwa na programu fulani miaka iliyopita ili kuelekeza maombi ya saini kwa seva nyingine. Futa mstari huo, jaribu tena. Simu haikuwa na kosa lolote.

Baada ya hayo yote, simu yenye M-Pesa yako na programu za benki usiijelibreki. Nasema hivi nikiwa mpenzi wa jambo lenyewe. Novemba 2009 kirusi kilichoitwa ikee kilienea Australia kikibadilisha picha za skrini za watu, na kiliingia kwa urahisi: waliojelibreki walikuwa wameweka huduma ya SSH, ya kuingia kwenye simu kutoka mbali, na kuacha nywila ya kiwandani, "alpine". Mwezi uleule kirusi kingine cha namna hiyo kikawalenga wateja wa benki ya ING Uholanzi. Na Agosti 2016 mtetezi wa haki za binadamu wa Falme za Kiarabu, Ahmed Mansoor, alipokea ujumbe wenye kiungo, akaupeleka kwa watafiti wa Citizen Lab badala ya kuubonyeza. Ndani yake mlikuwa na jelibreki ya kimyakimya ya kupandikiza Pegasus, programu ya ujasusi. Mlango ni uleule unaotufurahisha sisi. Tumia simu ya pili, ile iliyokaa kabatini.

Kufuli la iCloud silifungui na namsihi kila fundi alikatae. Mwenye simu halali aliyesahau nywila anaweza kuwapelekea Apple ushahidi wa ununuzi. Asiye na ushahidi, simu si yake mpaka ithibitike vinginevyo, na nyuma ya simu nyingi za namna hiyo kuna mtu aliyeporwa. Simu ya mkopo inayojifunga usipolipa nayo ina mwenyewe mpaka deni liishe. Deni likiisha, mkopeshaji aondoe kufuli lake siku hiyohiyo, bila kumzungusha mteja.

Mamlaka zetu zimeshaonyesha kwamba zikitaka zinaweza. Kenya ilizima simu bandia mwaka 2012, Tanzania Juni 2016, zote kwa kutumia IMEI. Kinachobaki ni kumlinda mnunuzi dukani. TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na wenzao wa Kenya waagize kila risiti ya simu iliyotumika iandike IMEI, hali ya kufuli la mtandao, na uthibitisho kwamba akaunti ya mwenye simu wa kwanza imetolewa. Mpaka hilo litokee, mnunuzi ajikague mwenyewe hapohapo kaunta: aingie "Settings", kisha "General", kisha "About", asome mstari wa "Carrier Lock", ambao kwa simu huru huandikwa "No SIM restrictions". Achomoe trei aone kama kuna kipande cha ziada chini ya laini. Aweke laini yake mwenyewe, si ya muuzaji, apige simu. Muuzaji asiyekubali hayo yafanyike mbele yake, mrudishie simu yake na utafute duka lingine.