Hela ya Mwisho Nimeikalia

Tangu nizaliwe sijawahi kusalimiwa kama ninavyosalimiwa wiki hizi tatu. Simu inaita hata viatu sijavaa. "Mzee wangu, umeamkaje? Nyumbani hawajambo? Na yule mdogo mafua yake?" Mafua ya mtoto yaliisha zamani, mimi mwenyewe baba yake nilishasahau kama aliumwa. Fundi anakumbuka. Fundi huyu anakumbuka kila kitu cha nyumba hii isipokuwa mlango wa bafu.

Na zaidi ya mafua anakumbuka asilimia 10 ya malipo yake, ambayo nimeikalia.

Sasa msinione bahili. Nililipa mimi, tena kwa tabasamu. Siku ya kutanguliza nusu aliniita bosi. Nilipoongeza robo nikawa kaka. Nilipofika asilimia 90, kazi "imebaki kugusagusa tu", akaacha kuniita chochote. Simu anapokea yule kijana saidia fundi wake: "Fundi yuko darini." Kesho yake: yuko darini. Keshokutwa: bado hajashuka. Dari la nani sikuuliza, ila langu nilipanda nikachungulia, halikuwa na mtu. Nilipotamka kwamba iliyobaki siitoi mpaka nione kazi imekwisha, fundi akashuka siku hiyo hiyo kutoka huko alikokuwa, na mimi cheo kikapanda: mzee wangu, mlezi wangu, na juzi, saa 4 usiku, "baba".

Hilo neno kugusagusa nalo lina mambo. Ukilisikia unadhani mtu atapita na kitambaa afute vumbi, apake rangi pale palipochubuka, aage. Nimejifunza kwamba kwa fundi kugusagusa ni jina la kila alichokosea. Swichi ya taa iko nyuma ya mlango, kwa hiyo ukiingia chumbani unafungua mlango, unaingia gizani, unafunga mlango, unapapasa ukuta, ndipo unawasha: kugusagusa. Bawaba zimepakwa rangi pamoja na fremu mpaka dirisha halifunguki: kugusagusa. Koki ya maji ya moto inatoa ya baridi na ya baridi inatoa ya moto. Hiyo aliniambia ni mazoea tu.

Nikaandika orodha kwenye daftari la mtoto, mambo 14. Nikampigia picha nikamtumia. Akajibu, "Kwenye picha mbona hayaonekani?" Namba 6 ilikuwa plasta ya ukumbini yenye nyufa kama ramani ya mito. Nilimwambia siku ile ile aliyopiga: huu ukuta haumwagiliwi? Maana hata mimi nisiyejua kushika mwiko najua sementi haitaki kukaushwa haraka, inataka maji siku kadhaa, watu humwagilia hata wiki. Akasema ukuta wangu una unyevu wake wa asili. Haya.

Lakini bafu ndilo lililonifikisha hapa.

Tulibandua sakafu yote ya zamani, tukaweka vigae vipya. Vizuri, vinang'aa, mke wangu alipiga picha akawatumia ndugu zake wote. Asubuhi ya kwanza nikaoga. Nimefumba macho, povu limejaa usoni, nasikia mtoto analia huko nje: "Baba, maji!" Nafungua jicho moja. Tundu la kutolea maji liko pale pale kwenye kona yake, kavu kabisa, linaniangalia. Maji yote yamekwenda mlangoni, yamepita chini ya mlango, yanatembea ukumbini kama mgeni anayekagua nyumba.

Nikamwita. Alikuja (hii ilikuwa kabla ya asilimia 90, enzi za kaka). Akachuchumaa, akamwaga kikombe cha maji karibu na tundu. Maji yakasimama kidogo, yakafikiri, yakageuka kuelekea mlangoni. Nikamtazama. Akatikisa kichwa taratibu kama daktari. "Kaka, sakafu bado mpya hii. Maji yatazoea njia."

Maji yatazoea njia! Sakafu ya bafu inatakiwa iwe na mteremko kuelekea kwenye tundu, kama sentimita 2 kwa kila mita. Mimi ninao mteremko, tena mzuri, ila unaelekea kwa wageni.

Nikachukua sarafu nikaanza kugonga vigae kimoja kimoja. Ngo. Ngo. Ngo. Pu. Hicho cha "pu" chini yake ni hewa, gundi haikufika. Nikahesabu "pu" 9. Fundi akasema hivyo vinapumua. Na kwa sababu vigae vimeinua sakafu, mlango nao sasa unakwama chini. Kuufunga mpaka uusukume kwa goti, na kuufungua ni lazima aliye nje asaidiane na aliye ndani. Nimwambie aurande kidogo, ananijibu randa ni ya seremala, yeye ni mtu wa vigae. Ungemwona siku anatafuta kazi: vigae yeye, bomba yeye, umeme yeye, ramani ya nyumba anayo kichwani.

Basi nikagoma na hela. Kilichonishangaza ni kwamba mtaani mimi ndiye nimekuwa mbaya. Jirani ananisimamisha, "Mlipe mtu jasho lake." Jasho lake lipi? Ninalofagia kila asubuhi kutoka bafuni mpaka ukumbini? Huyo huyo jirani anafanya kazi na wakandarasi wakubwa, na nilipombana akakiri: huko kwao jambo hili limeandikwa kabisa kwenye mkataba. Sehemu ya malipo inazuiwa, aghalabu asilimia 5 au 10. Nusu yake inaachiwa kazi ikikabidhiwa, nusu nyingine inangoja kipindi cha kutazama kasoro, miezi 6 au hata mwaka. Mwaka! Wenzangu wanakalia hela mwaka mzima na suti wamevaa, mimi wiki tatu nimeitwa mnyonyaji. Tofauti ni kwamba wao wana mkataba wenye kurasa. Wetu tuliuandika upande wa ndani wa mfuko wa sementi, na nadhani ule mfuko ndio aliokorogea gundi.

Nikiri na langu. Kuna usiku nililala vibaya. Nilipiga hesabu nikaona kurekebisha hayo yote hakufiki hiyo asilimia 10, na nikimzuilia zaidi ya kasoro zenyewe, hapo mwizi nitakuwa mimi. Halafu yule kijana, saidia fundi, aliyebeba mchanga ndoo kwa ndoo mpaka mabega yakachubuka, fundi alishamwambia hajalipwa kwa sababu "mzee amekaza". Kumbe mimi ndiye nimekaza na mwingine ndiye anayekazika. Nikamwita kijana peke yake nikampa ujira wake mkononi, nikaukata kwenye ile hela. Fundi aliposikia alinipigia: "Mzee wangu, sasa unanivunjia nidhamu ya kazini."

Jumamosi akaja mwenyewe, na kijana, na pima maji lake lile refu, chuma chenye kipovu kinachokaa katikati pakiwa sawa, amelifuta limetakata, amelibeba begani kama askari anakwenda gwaride. Anataka tumalize ubishi kisayansi. "Leo tupime, mzee. Kifaa hakina ndugu."

Akaanzia kwenye rafu ya vitabu, ile ambayo ukiweka penseli inajiviringisha yenyewe mpaka idondoke. Akalilaza pima maji juu yake. Kipovu kikaenda katikati kikatulia, kati ya vile vistari viwili, kama yai kwenye kiota. Akanitazama. Sikuwa na neno. Tukaenda bafuni: kwa mujibu wa kipovu, sakafu inateremka kwenye tundu vizuri sana. Mke wangu akaniangalia kwa jicho ambalo kwa miaka yote ya ndoa yetu nilikuwa nimeliona mara mbili tu. Fundi keshatoa simu, ananionyesha namba ya kutumia hela, eti asije akaichanganya na ya zamani.

Ndipo kijana, ambaye tangu kazi ianze sijawahi kumsikia akisema zaidi ya "yuko darini", akasema polepole, "Geuza, fundi."

"Nigeuze nini?"

"Pima maji. Mkono wa kulia uende kushoto. Palepale."

Fundi akacheka. Kijana hakucheka. Akalichukua mwenyewe, tukarudi rafuni, akalilaza pale pale lilipokuwa, ila ncha zimebadilishana. Pima maji zima hata uligeuze mara mia, kwenye rafu ile ile linasema jambo lile lile. Hili, kipovu kilitoka mbio mpaka ukutani mwa kioo kikabaki huko kinatetemeka.

Tukakiangalia wote. Penseli nayo ikadondoka.

"Lilianguka ghorofani mwaka juzi," kijana akasema. "Nilikuambia."

Sijawahi kuona fundi akikosa neno. Alikaa kwenye ngazi yake akalipakata lile chuma, akaligeuza, akaligeuza tena, kipovu kinakwenda huku na huku. Niliona midomo yake inahesabu kitu, na nadhani alikuwa anahesabu nyumba. Mwaka juzi mpaka leo. Za watu wangapi. Nikaanza kumwonea huruma, na huruma kwa fundi ni ugonjwa wa gharama.

Maana alipoinua kichwa alikuwa amepata suluhisho. "Baba," akasema, "kumbe hata mimi nilidanganywa." Sakafu ataibandua mwenyewe, ataiweka upya, gundi atanunua yeye, mlango ataurandisha. Ila hawezi kuirudia kazi na kifaa kibovu, si ndiyo? Kwa hiyo nimpe hela ya pima maji jipya, tukate kwenye ile asilimia 10.

Nikatazama mke wangu. Mke wangu akatazama dari.

Nimempa. Kesho asubuhi na mapema, kasema. Dhamana ameniachia ngazi, ndoo yenye gundi iliyoganda, na lile pima maji la zamani, ambalo kila nikienda kuoga nalilaza sakafuni kwanza, upande ule mzuri, nione angalau kipovu kikisema maji yanakwenda kwenye tundu, ndipo nausukuma mlango kwa goti.