Safari ya Kwenda Kuangalia Majani

Jumamosi nzima nimeshinda uani na reki mkononi. Nyuma ya nyumba yetu hapa Massachusetts pana mti mmoja tu, ule ambao utomvu wake hupikwa ukawa kama asali ya kumwagia chapati za maji, lakini kwa majani unavyoyamwaga utadhani unalipwa kwa kilo. Nimejaza mifuko ya karatasi tisa, nikaipanga kando ya barabara isubiri gari la taka. Kiuno kimegoma. Naingia ndani nijinyooshe kwenye kochi, namkuta Mama Neema na simu.

"Baba Neema, mwaka huu tunaenda New Hampshire kuangalia majani."

Nikadhani majani ya chai. Nilipoelewa ni majani ya miti, yanavyogeuka rangi kabla ya kuanguka, nikamwonyesha dirishani.

"Hayo ni ya nyumbani," akasema, kwa sauti ile ile ya siku niliyomwambia mapazia ya zamani bado mazima.

Kumbe mambo haya yana ratiba. Ipo ramani kabisa ya kuonyesha majani yameiva hadi wapi, na Mama Neema anaichungulia kila asubuhi kama mtu mwenye mkeka wa kubeti. Kule White Mountains, milima ya huko New Hampshire, kilele ni mwisho wa Septemba hadi siku kumi hivi za mwanzo wa Oktoba. Ukichelewa, upepo ukapita, umefunga safari kwenda kuangalia vijiti. Wenye hoteli nao wanalijua hilo. Chumba ambacho mwezi wa tatu wangekubembeleza ulale, wikiendi ya sikukuu ile ya Jumatatu ya pili ya Oktoba kina bei ya mbuzi wa harusi, na ukishalipa pesa hairudi. Nimelipa. Utabiri wa mvua nao nimeshauona, nimenyamaza.

Neema anasema vuli, yaani majira haya ya majani kuanguka, ndiyo majira mazuri kuliko yote. Vuli gani hii, mwanangu? Vuli ninayoijua mimi mtu anashika jembe, hashiki kamera. Akanifundisha: siku zikifupika ule ukijani unavunjika, na umanjano ulikuwemo siku zote, ulifunikwa tu. Hapo nikamwelewa, kama kuta za nyumba za zamani za Kariakoo, rangi ya juu ikibanduka unaiona ya mwenye nyumba wa kwanza. Wekundu ndio unatengenezwa upya, kwa sukari iliyobaki ndani ya jani. Haya. Jani likiwa na sukari watu wanalipangia hoteli. Mimi nina sukari, nimekatazwa hata chapati.

Barabara yenyewe ya kupita tukiyaangalia inaitwa Kancamagus, kilomita 55 hivi kutoka Lincoln hadi Conway, hakuna kituo hata kimoja cha mafuta. Siku za kilele magari yanatambaa. Yaani foleni ya Mbagala, bila muuza maji wala karanga.

Halafu Mama Neema akaongeza Franconia Notch, pengo kati ya milima hiyo hiyo, tukamwone Mzee wa Mlimani. Huyo alikuwa jabali lenye sura ya mzee, paji, pua na kidevu. Nasema alikuwa, kwa sababu tarehe 3 Mei 2003 aliporomoka. Bado watu wanakwenda! Wamesimika vyuma pale chini: unasimama kwenye alama ya kimo chako, unafumba jicho moja, unamwona kana kwamba hajaondoka. Kwetu ukifanya hivyo kwa mzee aliyekwishatangulia, unaitiwa shehe.

Nikatafuta kwenye kopo la chenji hadi nikaipata robo dola ya New Hampshire, ile ya mwaka 2000. Mzee huyu hapa, na pua yake.

"Mama Neema, mzee nimempata kwa senti 25. Na majani yako barabarani, mifuko tisa, hata gari la taka halijapita."

Hakuinua kichwa, alikuwa anasuuza chupa ya chai.

"Hiyo robo dola iweke kwenye gari," akasema. "Tutaihitaji kwenye maegesho."