Mwacheni Bibi Asimame

"Kaa, bibi, utaanguka!" Jumapili nyumbani kwa binamu yangu, Tabata, nimeisikia kauli hiyo hadi ikanikera. Bibi akiinuka kupeleka kikombe jikoni, kaa. Akitaka kuanua kanga yake, kaa, dada ataanua. Huyu ni mama aliyekuwa akipanda na kushuka milima ya Lushoto na jembe begani. Mmemleta mjini "apumzike", anashinda kwenye kochi mpaka taarifa ya habari, halafu mnashangaa mbona anayumba akisimama.

Atakosaje kuyumba? Misuli ya mapaja isipotumika hunywea, na ya mzee hunywea upesi na kurudi kwa shida. Hiyo ndiyo inayomnyanyua kitini, na akijikwaa ndiyo inayompa ile hatua ya haraka ya kujiokoa. Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, yaliyojumlisha majaribio zaidi ya 100, yalionyesha kwamba mazoezi hupunguza maanguko ya wazee wanaoishi majumbani kwa asilimia 23 hivi. Na si mazoezi ya kunyanyua vyuma! Ni kuinuka kitini na kukaa tena, kusimama kwa mguu mmoja huku ameshika meza. Yaani yale yale mnayomkataza, kwa upendo, najua: mto mgongoni, rimoti mkononi, ndoo chini ya kitanda asije akatembea hadi chooni.

Haya, bafu nalo lina lawama. Vigae vile vinavyoteleza mlivichagua wenyewe kwa uzuri wa picha. Fundi wa kuchomelea awafungie bomba la kushikia ukutani. Kandambili zilizolika zitupwe. Macho yapimwe, maana mtoto wa jicho hutolewa. Dawa za presha au za usingizi zikimtia kizunguzungu, mwambieni daktari, msimwachishe wenyewe.

Wala simcheki binamu yangu kwa kuogopa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na waliopita miaka 60 ndio wengi zaidi.

Nilimuuliza bibi anataka nini. Akasema anataka kwenda genge la pale kona achague mchicha mwenyewe, huu anaoletewa umenyauka. Basi aende, asubuhi kabla ya jua kali, na mmoja wenu aandamane naye. Kama mnawashwa sana na kumhudumia, mbebeeni kikapu.