Kiyama cha Dakika Tisini

Habari ya kwamba dunia inakwisha aliileta Mjomba. Aliitoa barazani kwenye kahawa, na habari za kahawani kwetu Miembeni, Zanzibar, haziulizwi stakabadhi. Alisema kompyuta zote duniani zinaandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, kwa hiyo ikigonga saa sita usiku wa tarehe 31 Desemba 1999 zitasoma sifuri-sifuri na kudhani ni 1900. Basi ndege zitaanguka, benki zitasahau fedha za watu, na makombora ya Wamarekani na Warusi yatajirusha yenyewe.

Bibi alikuwa anachambua mchele. Akauliza bila kuinua uso, "Ikirudi 1900, Sayyid Hamoud, Sultani wa enzi hizo, naye anarudi?"

"Mama, hii sayansi."

"Nauliza tu, maana nyumba yenyewe haijapakwa chokaa."

Mtaa mzima haukuwa na kompyuta hata moja. Kilichokaribia kufanana nayo kilikuwa kikokotoo cha mwenye duka, na hicho kilikuwa kikikosea hata kabla ya 2000. Habari ingekufia hapo hapo kama dada yangu asingeitazama kalenda ya ukutani. Tarehe 31 ilikuwa Ijumaa. Tena Ijumaa ya Ramadhani, ndani ya kumi la mwisho.

Bibi akaweka ungo chini. Chuoni sote tumesomeshwa kwamba Kiyama kitasimama siku ya Ijumaa. Sayansi ya Mjomba haikumtikisa hata nywele; kalenda ya duka la vitambaa ikamtikisa.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, umri ambao mtu huogopa kufa lakini huogopa zaidi kufa bila muziki. Wazo la kanda lilikuwa langu, nakiri. Nilinunua kanda ya TDK ya dakika tisini, mpya, bado imo ndani ya nailoni yake, nikatangaza kwamba nyimbo za mwisho kusikika duniani zitachaguliwa na ukoo wetu.

Baadaye sana nilikuja kusoma kwamba Wamarekani walipovirusha vyombo vyao vya Voyager mwaka 1977, walitia ndani santuri ya dhahabu kwa ajili ya viumbe wa huko juu, na muziki wake ulikuwa kiasi cha dakika tisini. Sawasawa na kanda yetu! Wao walikuwa na Carl Sagan, bingwa wa elimu ya nyota, na kamati ya wataalamu. Sisi tulikuwa na Mjomba.

Kamati yetu ilikaa kila usiku baada ya tarawehe, na kila usiku iliondoka na uadui mpya. Shida ya kwanza ilikuwa hesabu. Kila upande wa kanda dakika arobaini na tano, na nyimbo za dansi za zamani, mpaka magitaa yamalize kuzungumza, si chini ya dakika sita saba kila mmoja. Nyimbo kumi na mbili, zikizidi hapo zinakatwa shingo. Watu saba wa nyumba moja, kila mmoja na nyimbo zake ishirini.

Mjomba alikuwa kuli bandarini Dar es Salaam kwa miaka mingi na alirudi na vitu viwili: mgongo mbovu na mapenzi ya dansi. Alitaka upande wa kwanza wote uwe wake. Wa kufungulia, alisema, lazima uwe "Kifo" wa Remmy Ongala. "Mwisho wa dunia utaufungua na nini, na harusi?" Halafu "Shida" wa Mbaraka Mwinshehe, kwa sababu Mbaraka mwenyewe alishatangulia, alikufa kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979, na ni adabu kumsikiliza mtu unayekwenda kumkuta. Kisha "Sina Makosa" wa Les Wanyika, huo ndio utetezi wake mbele ya haki. Kisha "Shauri Yako" wa Super Mazembe, kwa wale watakaobaki.

"Watabaki wapi na dunia imekwisha?" Mama akauliza. Mjomba akasema tusimchanganye.

Mama alitaka taarabu ya Ikhwani Safaa, ile ya fidla na ya kukaa kitako, na dada alitaka mipasho. Wakanuniana siku mbili. Mimi nilitaka wimbo mmoja tu wa mapenzi, na sikusema ni kwa ajili ya nani, ingawa kila mtu aliona namna nilivyokuwa nikifagia baraza mara tatu kwa siku upande unaotazamana na nyumba ya Bi Jirani, mwenye binti.

Bibi alikuwa amekwisha kutoa hukumu: mwezi mtukufu si wa muziki, kama mnadhani mnakufa, salini. Lakini usiku mmoja alinishika mkono jikoni. "Mniwekee wa Siti."

"Bibi, si umesema muziki mwezi huu..."

"Siti si muziki. Siti ni habari."

Na kwa haki, hakusema uongo. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake kwenye santuri, aliimba kesi na visa vya mji hata ambaye hakufika mahakamani alijua nani kafungwa na kwa nini. Nikaandika: Siti, wa mwisho kabisa.

Orodha nikaipeleka kwa fundi wa kanda Darajani. Ramadhani ile nje ya kibanda alikuwa amefungulia kaswida, ndani amevaa visikilizio masikioni na anatikisa kichwa kwa mapigo ambayo hayakuwa ya kaswida hata kidogo. Akanambia nirudi Jumatano. Mbele yangu palikuwa na Bi Jirani, naye ana TDK ya dakika tisini mkononi.

Hapa sharti nieleze. Mume wa Bi Jirani alikuwa Maskati mwaka wa nne, akifanya kazi ghalani. Bi Jirani hakuwa akimwandikia barua, akisema kalamu haina sauti ya kugomba. Alikuwa akimrekodia. Kanda nzima, pande mbili, kisha anampa mtu anayesafiri. Na kila kanda aliitolea nakala kwa fundi, moja ya kupeleka na moja ya kuweka, ili mwanamume asije akasema hakuambiwa.

Kwa hiyo Jumatano ile fundi alikuwa na kanda tatu za aina moja, rangi moja, na visikilizio masikioni. Mengine mnayaona wenyewe.

Ijumaa ikafika. Tukafuturu kama watu wanaoaga, tambi, sambusa, uji, na Mjomba akala mpaka akasema ikiwa roho itatoka basi itoke kwa shida. Tarawehe ikesha majirani wakaja kwetu, kwa sababu redio yetu ndiyo iliyokuwa na spika kubwa. Bi Jirani akaja na binti yake. Nikavaa kanzu ya Idi, wiki moja kabla ya Idi.

Nilikuwa nimepiga hesabu vizuri: tukianza saa nne na nusu, kanda inamalizikia saa sita juu ya alama. Nikabonyeza.

Kikasikika kikohozi. Halafu sauti ya mwanamke: "Bismillahi. Bwana, salamu sana na baada ya salamu. Sisi huku wazima, ila bei ya sukari si nzima."

Tulidhani ni mtangazaji. Mjomba hata alisema, "Remmy siku hizi anaanza na mazungumzo." Lakini Bi Jirani alikuwa amekwisha kushika ushungi wake kwa mikono miwili, macho yamemtoka kama kamba wa kukaanga.

Nikapeleka kidole kuzima. Bibi akaupiga mkono wangu.

"Asiguse mtu. Hiyo habari."

Salamu peke yake zilikula dakika kumi na moja, maana Bi Jirani alimsalimia mumewe kwa niaba ya kila mtu mpaka muuza mbatata. Kisha akaingia ndani ya jambo. "Yule kaka yake jirani, aliyekuja na mgongo kutoka Dar, alinikopa elfu ishirini kabla ya mwezi wa Shaabani. Kila nikimuuliza anapatwa na kikohozi."

Mjomba akakohoa. Wallahi hakukusudia, ilimtoka tu.

"Na mama yao, Mungu amhifadhi, kila siku ananiletea tambi za futari. Sina moyo wa kumwambia. Nampa paka."

Kimya. Bibi akamgeukia Bi Jirani taratibu kama mlango mzito. "Kumbe ndiyo maana paka wako kanenepa."

Bi Jirani akainuka, akasema kichwa kinamgonga, anakwenda kulala. Bibi akamvuta kanga. "Kaa mwanangu. Unakwenda wapi na dunia inakwisha?"

Akakaa.

Ikaja zamu yangu. "Kuna na kijana wao, anamtazama mwanao kama paka anavyomtazama muuza samaki. Anafagia baraza mpaka saruji inabanduka. Mimi najifanya sioni, maana siku hizi sifagii upande wetu, ananifagilia yeye."

Sikumtazama binti yake. Nilitazama kanzu yangu, nikaona ina tone la uji, nikashughulika nalo kama mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo.

Upande wa kwanza ukaisha. Kitufe kikaruka, tak! Hakuna aliyepumua. Sote tulijua ungali upo wa pili. Redio ikabaki ikivuma kidogo, na kila mtu akahesabu dhambi zake na kukisia ngapi Bi Jirani anazijua.

"Geuzeni," Bibi akasema.

Ya upande wa pili siyaandiki yote, kwa sababu baadhi ya waliotajwa wangali hai na wanajua kusoma. Mama yangu alitoka salama, alisifiwa uji wake tu, akakaa wima usiku mzima kama bibi harusi. Bi Jirani mwenyewe alikuwa ameshajifunika ushungi uso mzima, na kutoka ndani ya ushungi alikuwa akisema, "Si mimi huyo, si mimi," huku sauti yake ikiendelea spikani kwa raha zake.

Kanda ikafika mwisho. "Wakatabahu, mkeo." Tak!

Na pale pale, kwenye hiyo hiyo tak, meli zikapiga honi bandarini.

Nadhani mnajua kwamba mabaharia huupokea mwaka kwa honi. Sisi tulijua pia, siku nyingine zote. Lakini usiku ule, baada ya dakika tisini za kusomewa daftari la matendo yetu, ile sauti nene inayotoka baharini haikuwa honi. Ilikuwa baragumu la Israfili.

Dada akapiga yowe. Bi Jirani akaruka wima, ushungi huko: "Bakuli la maua ninalo mimi! Mnisamehe! Halikuvunjika, ninalo!" Mama akashika kichwa, "Bakuli langu la harusi!" Mjomba alikuwa kwa magoti, anatoa noti kwenye soksi moja moja na kumtupia Bi Jirani miguuni: kumi, kumi na tano, ishirini, haki ya mtu hiyo, shahidini! Mimi sikukiri kitu. Nilikuwa chini ya meza, na huko nikamkuta binti wa Bi Jirani, naye alikuwa anacheka mpaka machozi. Ndiyo mara ya kwanza tulipozungumza. Aliniambia kanzu yangu ina uji.

Honi zikanyamaza. Taa zilikuwa bado zinawaka. Bibi, ambaye hakujongea kitini pake, akasema, "Basi? Na Siti wangu yuko wapi?"

Hapo ndipo Bi Jirani alipohesabu. Tuliona akihesabu kwa vidole: moja ya kupeleka, moja ya kuweka. "Kama ya kuweka ninayo nyumbani, na hii ndiyo hii," akasema polepole, "mimi juzi nimempelekea mume wangu nini?"

Tukatazamana. Mjomba akajikuna shingo.

"Wa kwanza," akasema, "ni 'Kifo'."

Asubuhi tulikwenda dukani kwenye simu. Ilituchukua siku mbili kuipata Maskati, na tulipoipata, mwenzake wa chumba akatuambia bwana hayupo. Alitia kanda ya mkewe redioni, akasikia kinachoimbwa, hakungoja hata ubeti wa pili. Alizima, akakopa nauli kwa tajiri wake, akaondoka analia.

Alishuka teksini Jumanne alasiri, macho mekundu, begi moja. Mkewe alikuwa uani anakaanga sambusa.

"Nani?" akauliza mlangoni, sauti haitoki.

"Nani nini?"

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Ondoa mguu, unakanyaga unga."

Bwana akakaa juu ya begi lake na hakuinuka mpaka adhana ya magharibi.

Baada ya Idi tuliisikiliza ile kanda yote, nyumba mbili pamoja, sauti juu bila hofu. Ulipofika "Shida" Bi Jirani akamgusa mumewe kiwiko: "Huu ndio niliotaka uusikie." Ulipofika "Shauri Yako" akamgusa tena. Bibi alimsikiliza Siti wake mpaka mwisho, akasema zamani mlio ulikuwa mzuri zaidi, kisha akataka urudishwe mwanzo.

Bwana akarudi Maskati na deni la nauli. Tangu hapo Bi Jirani hakurekodi tena barua. Kila baada ya miezi mitatu alikuwa akivuka barabara na TDK tupu mkononi, anamkalia Mjomba barazani.

"Shemeji, nitilie shida kidogo. Lakini ya wastani, eh? Kifo usinitilie, safari ile kimenigharimu nauli."