Ujumbe wa Saa Nane Usiku

Wafuasi wangu, kwa kuwa rafiki yangu wa dawati la jirani amekwisha kulieneza jambo hili kwa namna inayonionesha kuwa nimewatongoza wanachama wote wa SACCOS kwa mkupuo, naomba mnisikilize na mimi. Mtacheka baadaye.

Zana niliyoitengeneza hutuma SMS kwa wanachama. Niliiunganisha na wakala wa akili mnemba kupitia MCP, itifaki ya kuunganisha akili mnemba na zana za nje, iliyotolewa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024, ili katibu aandike anachotaka kwa lugha yake na wakala atekeleze. Wakala huyo haoni msimbo wa ndani. Anachopewa ni jina la zana, maelezo yake na vigezo inavyopokea, kisha huamua kwa kuyasoma hayo tu. Jina nililichagua vizuri: tuma_ujumbe. Maelezo nayo yalikuwa na ufupi wa kiungwana: «Hutuma ujumbe.» Vigezo vilikuwa vitatu: «kundi», ambacho sikutaja majina yanayokubalika, «saa», yaani saa ya kutuma, na «maandishi», ambayo yakiachwa wazi hutumwa ujumbe wa kawaida. (Mnaoandika programu, nawaona mlivyojishika kichwa. Vumilieni, bado.)

Katibu akaandika: «Tuma ujumbe wa kawaida kwa bodi, kesho saa 2.» Pale ofisini hata mhudumu wa chai anajua kwamba saa 2 ni ya asubuhi na kwamba ujumbe wa kawaida ni taarifa ya kikao. Wakala hanywi chai nasi. Aliandika 02:00, ambayo kwetu ni saa nane za usiku. Kundi akaliita «bodi», kumbe kwenye kanzidata linaitwa BD, na zana ikikutana na jina isilolijua huwatumia wanachama wote bila kulalamika. Maandishi akayaacha wazi, kama maelezo yalivyomruhusu, na mle ndani ya msimbo «ujumbe wa kawaida» ulikuwa bado ni ule niliokuwa nikiujaribia kwenye namba ya mke wangu.

Saa nane kamili simu ya mke wangu, ambaye naye ni mwanachama, ikalia juu ya stuli. Akaichukua, akasoma polepole ujumbe uliokuja kwa jina la chama: «Mpenzi, umelala? Nakuja, usifunge mlango.» Akautazama mlango. Akanitazama mimi niliyelala ubavuni mwake, nimejifunika kanga yake hadi shingoni. Akauliza kwa utulivu ulionitisha kuliko kelele, «Baba watoto, unakuja kutoka wapi?»

Sijajibu, simu yangu nayo ikaita. Mwenyekiti. Nikaketi wima kitandani kana kwamba ananiona.

«Shikamoo, mzee.»

«Marahaba, mwanangu.» Kisha kimya, na nyuma ya kimya hicho sauti ya mkewe ikirudia, «Mpenzi ni nani?» Mzee akakohoa. «Mwanangu, mama yako yuko hapa, nimeweka kipaza sauti. Hebu mweleze kwamba anayekuja ni chama.»

Wapendwa, kuna maelezo ambayo hayakuumbwa kutolewa usiku wa manane kwa mwanamke aliyekaa kwenye ndoa miaka mingi. Nilimwamkia, nikajikaza, nikamwambia kwa adabu zote kwamba ule haukuwa ujumbe wa mtu, bali ni thamani ya msingi ya kigezo cha tatu.

Mama akanyamaza kidogo. «Kwa hiyo,» akasema, «anaitwa Kigezo?»

Yaliyofuata ni mafupi. Wanachama walitumiwa ujumbe wa kuomba radhi, nikauandika kwa mkono wangu mwenyewe. Ripoti ya wakala ilisema kazi imekamilika bila hitilafu. Nami niliandika maelezo upya: zana hutuma SMS halisi zisizoweza kurudishwa, kundi ni lazima, na majina yake yote haya hapa, saa ni ya mtindo wa saa 24, Afrika Mashariki, kwa hiyo saa mbili asubuhi ni 08:00, mtumiaji asipotaja asubuhi au usiku, aulizwe kwanza, maandishi hayaachwi wazi kamwe. Jina lisilojulikana sasa hurudisha kosa linaloorodhesha majina sahihi, badala ya kuamsha mji.

Katibu hajafurahi. Analalamika kwamba wakala amekuwa na maswali mengi kuliko afisa mikopo.